Nguo Moja Ndani ya Nyumba

Sikugonga.

Naliweka neno hili mwanzoni kabla sijapata nafasi ya kulipamba, maana kupamba maneno ndiyo kazi yangu. Siku risasi zilipoingia mjini nilipita mbele ya mlango wa jirani yangu mzee, nikiwa na binti yangu Neema na mabegi mawili, na sikugonga. Wiki zilizofuata niliwaambia watu kwamba niligonga. Mwanzoni nilisema "niligonga" tu. Baadaye nikasema mara tatu. Baadaye tena nikaongeza kwamba niliita kwa sauti, na kwamba Neema ndiye aliyenivuta mkono tuondoke. Kufikia mwezi wa pili uongo ule ulikuwa umekomaa kiasi kwamba vifundo vya vidole vyangu vilikuwa vinaniuma.

Neema hakunisahihisha hata siku moja. Kila nilipofika kwenye "mara tatu" alitoka chumbani.

Kwa miezi hiyo miwili sikujua kama jirani yangu alikuwa hai. Ningeweza kuuliza. Sikuuliza, kwa sababu jibu lolote lingenihusu.

Mtaani kwetu Katindo, hapa Goma, kila mtu alimwita Fundi, na sisi wanawake tulimwita Mama Fundi. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Katika mji wetu maswali hayo mawili yameshawaumiza watu wengi, naye hakuyapenda. Akiulizwa ametoka wapi alijibu, "Nimetoka ndani, naenda soko." Aliyeuliza alicheka, akapita.

Alirekebisha nguo. Hakushona mpya. Alitia viraka, alipunguza, aliongeza, alibadilisha zipu, alifuma upya kiwiko cha sweta hadi usijue tundu lilikuwa wapi. Alifanya yote kwa mkono. Cherehani aliwahi kuwa nayo zamani, nitaifikia. Tangu nihamie pale, miaka kumi na minne sasa, nilimjua na sindano, uzi, mkasi mmoja, na kanuni moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja: ndani ya nyumba yake hapakulala nguo ya mtu zaidi ya moja.

Ukileta suruali na kumkuta ana shati la mwingine, aliipokea, akaitazama, akakwambia ubovu wake wote kama daktari, halafu akakurudishia mkononi. "Rudi nayo. Ikae kwako. Zamu yako ikifika nitakuita." Simu hakuwa nayo. Alimtuma yeyote aliyepita njiani, na ujumbe ulifika. Ndiyo maana mtaa mzima ulijua nguo ya nani ipo kwake. Watu waliulizana asubuhi, "Leo nani yuko kwa Fundi?" kwa sauti ile ile ya kuuliza nani amelazwa hospitali.

Kabla ya kugusa tundu lenyewe aligeuza upindo, na kwa uzi mwekundu akashona ndani yake namba ya simu ya mwenye nguo, tarakimu ndogo kama vichwa vya siafu. Kazi ikiisha hakuzifumua. Nilimuuliza kwa nini aziache, wakati nguo inarudi kwa mwenyewe.

"Mutu pia anapoteaka," alisema, akakata uzi kwa meno.

Basi nusu ya Katindo inatembea na namba zake ndani ya upindo. Niliandika insha juu ya hilo. Niliiita "saini ya fundi", nikaeleza kwa kurasa nne uhusiano wa mikono na jina. Neno kupotea sikulitumia.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na nadhani ni kosa ambalo mtu wa Goma tu anaweza kulifanya. Tumeishi na hofu muda mrefu hivi kwamba ikikaa kimya na kuwa nadhifu hatuitambui tena. Juu yetu kuna mlima unaoitia anga wekundu. Chini yetu kuna ziwa ambalo wataalamu wanasema lina gesi tumboni. Katikati, kwa sisi wa Katindo, kuna kambi ya jeshi, na watoto wetu hujua kutofautisha milio ya bunduki kabla ya kujua kusoma. Mimi nilimkuta mwanamke anayeishi kwa vitu vichache, anayefanya jambo moja kwa wakati mmoja, asiyetaka kuongezewa, nikasema: huyu hapa, huyu amejua kuishi.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha mbao kilichokaa juu ya mawe meusi ya volkano. Ndani palikuwa na kitanda, kigoda, sufuria, na sahani mbili, ya pili ikiwa ya mgeni. Mgeni alikaa kitandani, yeye kwenye kigoda. Sahani ilioshwa pale pale tonge la mwisho lilipomezwa, hata kama ulikuwa bado unaongea. Kitanda kilitandikwa kabla ya jua. Hapakuwa na kitu cha kesho mle ndani. Alinunua chumvi ya siku, makaa ya siku, uzi wa kazi iliyokuwa mkononi.

Noeli moja nilimpelekea blanketi. Alishukuru kwa mikono miwili, akalisifu rangi. Kesho yake nililiona mgongoni kwa mama anayetuletea kabichi kutoka Kibumba. Niliudhika, halafu nikaguswa, halafu nikaandika: insha juu ya mkono usioshika. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipomuuliza, kwa utani, kama blanketi langu lilikuwa baya.

"Lilikuwa zuri sana. Lakini nzito, Mama Neema. Ningekimbia nalo namna gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Hilo pia sikuliandika.

Wakati huo nyumbani kwangu, hatua sitini kutoka kwake, palikuwa na kabati la mninga ambalo wanaume wanne walilileta wakilaani, vitabu hadi chooni, na madumu ya maji ya kila ukubwa. Niliandika juu ya maisha mepesi nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye matakia matatu. Mama Fundi alipenda kabati lile. Alikuja wakati mwingine, akaomba ruhusa, akafungua mlango wake mmoja, akanusa ndani kwa muda, akafunga, akaenda zake. Nilidhani anavihurumia vitu vyangu. Neema, aliyekuwa na miaka kumi na miwili tu, alisema, "Mama, analitaka." Nilimwambia hajui anachosema.

Kila asubuhi kabla ya kushika sindano, Mama Fundi alipiga magoti, akaweka kiganja chake sakafuni, juu ya jiwe lililochomoza kati ya mbao mbili, akatulia. Dakika moja, mbili. Macho wazi. Kisha akainuka kwa shida, maana goti la kulia lilikuwa limechoka, akaanza kazi.

Mgeni mmoja wa shirika, kijana mpole mwenye daftari, alimwona akifanya hivyo. Nilikuwa nimempeleka mimi, kama mtu anayepeleka mgeni kuona maporomoko ya maji. Alivutiwa mno. Alisema kwa Kifaransa kwamba watu kwao wanalipa ili wafundishwe kukaa hivi, ndani ya siku yao. Akaniomba nimuulize anahisi nini wakati ule.

Mama Fundi alinitazama mimi, si yeye. "Mwambie nasikiliza kama tutakufa leo."

Nikamtafsiria: anasema anahisi uwepo wa siku ya leo.

Kijana aliandika. Mama Fundi hakujua Kifaransa kingi, lakini alijua kuhesabu maneno, na aliona sentensi yake imetoka ndefu na laini kuliko ilivyoingia. Alingoja hadi kijana alipoaga. Kisha akasema, "Weye ni fundi kunipita. Unashonaka hata mahali pasipo na tundu."

Mwaka uliofuata parokia iliniomba nitoe mazungumzo kwa akina mama juu ya kuishi kwa urahisi na kwa kukusudia. Nilizungumza saa nzima. Nilimtumia yeye bila kumtaja: kuna mama mmoja ninayemjua, nilisema, ambaye ndani ya nyumba yake hakuna kisicho na kazi, ambaye hashiki jambo la pili kabla la kwanza kuisha, ambaye viatu vyake vimewekwa mlangoni vikitazama nje, kama mtu aliye tayari kwa siku yoyote. Akina mama walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alilia kidogo. Nilipoinua macho nikamwona mwenyewe, benchi la mwisho, katika kikwembe, kitenge chake cha misa.

Tulirudi pamoja kwa miguu, polepole, kwa goti lake. Tulipokaribia kona ya mtaa wetu akasema, "Umesema vizuri sana. Ile mama iko wapi? Ningependa kumuona."

"Mama Fundi, usinitanie. Ni wewe."

"Mimi? Hapana." Alisimama kupumzisha mguu. "Mimi niko mwoga tu, Mama Neema. Woga yangu nimeipanga vizuri, basi."

Nilimwambia anajishusha, na kwamba watu wenye hekima wote wanasema hivyo. Aliniangalia kama alivyoangalia suruali zilizokuwa zimeoza makalioni, zisizoshika uzi.

"Hekima," alisema. "Sawa. Weka hekima."

Cherehani, basi. Alinisimulia siku moja tu, bila mimi kuuliza, akiwa anafuma kiwiko, na alisimulia akiwa ameinamia kiwiko.

Mara ile moto wa mlima ulipokata mji katikati, alikuwa na duka dogo karibu na soko: cherehani ya miguu, meza, rafu, na rafu ilijaa nguo za watu. Alikuwa kijana, alikuwa na jina, alipokea kila kilicholetwa. Watu walipoanza kukimbia naye alikimbia. Alipofika mbali, pumzi zikamrudia, akatazama mkononi kuona ameokoa nini. Alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria.

Aliporudi, duka lilikuwa jiwe. Jiwe jeusi, bado lina joto, unapita juu yake viatu vikinuka. Watu wa nguo walikuja mmoja mmoja. Waliotukana walitukana, akavumilia, akasahau sura zao. Lakini mmoja alikuja, mwanaume wa makamo, mpole. Alikuwa ameleta suti ya baba yake ipunguzwe, baba mgonjwa aliyekonda, na baba alikuwa amefariki katika kukimbia kule.

"Akauliza, suti ya papa iko wapi. Nikamuonyesha chini. Akaangalia chini. Hakusema kitu, Mama Neema. Alisimama pale juu ya suti ya papa yake, hata viatu vikaanza kuungua. Angenitukana ningepona."

Alivuta uzi, akaukaza.

"Tangu ile siku naogopaka nguo za watu. Moja naweza kukimbia nayo. Moja naweza kushika mkononi nikijua nashika. Mbili, nitaacha moja, na nitaacha ya mutu."

Nilikaa kitandani kwake na sikuwa na insha kichwani. Ilinichukua siku tatu kuipata. Ndiyo, niliiandika. Niliondoa mwanaume na suti, nikabakiza kanuni.

Nisije nikawafanya mumwone kama mtu aliyesinyaa. Mwoga yule aliogopa vitu vya ajabu na hakuogopa vingine vya ajabu zaidi. Aliogopa radi, mbwa, pikipiki za wamotari, na ukimya wa ghafla. Hakuogopa wakubwa. Mke wa kapteni mmoja wa kambini alimletea blauzi mbili siku moja, akataka zote zichukuliwe. Alikuja na askari wa kumbebea mkoba.

"Moja," alisema Mama Fundi.

"Unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo. Weye ni mama wa blauzi mbili. Chagua."

"Nikimwambia bwana yangu aje mwenyewe?"

"Akuje. Na yeye aache suruali yake nyumbani, haina nafasi."

Yule askari aligeuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika. Mke wa kapteni alichagua blauzi ya kijani, akaondoka amenuna. Kisha, siku chache tu baadaye, mlima ukatema moto tena, na mitikisiko ikaanza kupasua kuta, tukaambiwa tuuhame mji. Barabara ya Sake ilijaa watu kama gunia. Mimi nilikuwa na gari la rafiki, vitabu, na godoro juu. Tulikwama karibu na Lac Vert, na hapo kando ya barabara, juu ya jiwe, nikamwona Mama Fundi ameketi na kifurushi chake, blauzi ya kijani magotini, anashona. Kila ardhi ilipotikisika aliinua sindano juu, akangoja, akaishusha.

"Mama Fundi, hata hapa?"

"Nikiacha kushona nitalia. Na machozi yanaharibisha satini."

Mke wa kapteni alipita jioni ile, kwa miguu, viatu mkononi, mkoba na askari vikiwa vimepotelea huko nyuma. Alipewa blauzi yake, imekamilika. Mali zake nyingine zilibaki mjini. Alisimama akaishika usoni, akalia ndani yake, satini au si satini.

Na Mama Fundi alikuwa na aibu yake. Chini ya kitanda, kwa mwanamke asiyetaka uzito, palikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa vifungo. Lilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Vifungo vya pembe, vya shaba, vya plastiki, kimoja chenye nanga. Nilipoligundua nilifurahi kwa ubaya, kama mwalimu aliyemkamata mwanafunzi bora akiibia.

"Na hili utakimbia nalo namna gani?"

Alilisukuma kwa mguu likarudi gizani. "Hiyo haiko kitu. Hiyo ni akili yangu. Unataka nikimbie bila akili?"

Alikimbia nalo kila mara. Kifurushi cha nguo kwa mkono mmoja, kopo kwa mwingine. Ndiyo lililomharibu goti.

Siku mbili kabla ya siku ile ya risasi, zamu yangu ilifika. Nilimpelekea libaya ya marehemu mama yangu, blauzi ya kikwembe cha bluu chenye ndege, iliyopasuka kwapani. Nilitaka kuivaa kwenye misa ya kumbukumbu yake. Mama Fundi aligeuza upindo, akaniuliza namba yangu, akaishona tarakimu kwa tarakimu huku milio ikisikika upande wa barabara ya Sake, bado mbali, kama mtu anayehamisha meza ghorofani.

"Unadhani waasi wataingia mjini?" nilimuuliza.

"Mimi kila siku nadhani wataingia. Usiniulize mimi. Uliza mutu mwenye hekima."

Wakaingia. Sitaeleza vita, wengine wameieleza, na mimi niliiona kutoka chini ya meza. Asubuhi ya siku ile, saa nne hivi, palitokea utulivu mfupi, na dada yangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka akapiga simu akilia: kujeni sasa, sasa hivi. Nilichukua nini? Mwanamke aliyehubiri maisha mepesi alijaza mabegi mawili kwa dakika nne, na baadaye ng'ambo tulipoyafungua tulikuta diploma zangu, chaja ya simu tusiyokuwa nayo tena, pazia moja, na gazeti lenye insha yangu juu ya mkono usioshika.

Kutoka kwetu kwenda barabara kubwa lazima upite mlango wa Mama Fundi. Ni mlango wa bati la kijani, na chini yake kuna nafasi ya vidole vinne. Tulifika. Nikasimama. Kupitia nafasi ile niliona viatu vyake vyeusi, vimepangwa, ncha zikitazama nje, kama siku zote. Kwa hiyo alikuwa ndani. Hakuna siku viatu vile vilikuwa ndani na yeye nje.

Niliinua mkono. Huu ndio ukweli wote wa "mara tatu" zangu: mkono ulipanda hadi usawa wa bega. Na hapo, mkono ukiwa hewani, niliona mambo kwa uwazi ambao sijawahi kuwa nao nikiandika. Niliona goti lake. Niliona kopo la vifungo. Niliona tukienda kwa mwendo wake, watatu barabarani, na utulivu ukiisha kabla hatujafika. Kule kambini kitu kikalipuka.

"Mama," alisema Neema, "na Mama Fundi?"

"Ameshaenda," nikasema.

Neema alitazama chini ya mlango. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na viatu vyekundu vya kamba. Tukaenda.

Ng'ambo nililala kwa dada yangu mwezi mmoja. Nilipofumba macho niliona viatu vile, na swali likawa moja tu: je, vilikuwa vitupu? Maana sikuona vifundo vya miguu, nafasi ilikuwa ndogo. Vikiwa vitupu, alikuwa kitandani, pengine hakunisikia. Kama havikuwa vitupu, basi alikuwa amesimama pale, kiasi cha upana wa bati kutoka kwangu. Niliogopa swali lile kuliko nilivyoogopa mabomu, na mabomu niliyaogopa sana.

Tuliporudi sikurudi Katindo. Nilihamia kwa mdogo wangu, mtaa wa Himbi, nikasema paa langu limetoboka. Lilikuwa limetoboka kweli, tundu la kuingia ngumi. Neema alikwenda chuoni, akarudi, hakutaja mtaa wetu. Mara moja nilijikaza, nikaenda hadi kona. Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa. Mbele yake hapakuwa na mtu mwenye suruali mkononi, hapakuwa na anayengoja, na kwa miaka kumi na minne sijawahi kuona mlango ule bila anayengoja. Nikageuka. Usiku nikamweleza jirani mpya, aliyeuliza kuhusu Katindo, jinsi nilivyogonga mara tatu. Neema akatoka chumbani.

Jana, mchana, nilikuwa jikoni nikimenya viazi simu ikaita. Namba nisiyoijua. Siku hizi namba usiyoijua ni habari mbaya au mtu anayetaka kukupa habari mbaya. Nilifuta mikono polepole, nikitumaini itakata. Haikukata.

"Alo?"

"Mama Neema."

Niliketi chini, kwenye maganda.

"Usilie kwanza," sauti ikasema. "Hii simu iko ya mutu, na yuko hapa ananiangalia."

"Mama Fundi. Uko hai."

"Niko. Goti peke yake ndiyo imekufa."

"Namba yangu umeitoa wapi?" Ndiyo, hilo ndilo nililouliza. Miaka yote ile ya shule.

"Kwa upindo wa libaya ya mama yako. Lakini saba yangu inafanana na moja. Nimepigia kwanza papa fulani, akanitukana vizuri." Alikohoa. "Libaya iko tayari. Iko tayari tangu siku ya tatu ya masasi na mabomu. Nilishona chini ya kitanda. Upande wa kushoto haiko mzuri sana, mikono ilitetemeka. Utaniwia radhi."

Nilivuta pumzi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekomaa, na mara tatu zake. "Mama Fundi, ile asubuhi, mimi nili..."

"Ulipita," alisema. "Niliona miguu yako chini ya mulango. Na viatu vya Neema, ile nyekundu. Mulisimama kidogo."

Sikio langu lilikuwa la moto.

"Na wewe," nikasema, "ulikuwa wapi?"

"Ndani ya viatu vyangu. Mukono kwa komeo. Kifurushi tayari, libaya ndani. Nilikuwa naomba ugonge. Peke yangu kufungua sikuweza, niliogopa. Nikasema, Mama Neema akigonga tu, nafungua."

Kiazi kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikiweka chini kwa uangalifu mkubwa.

"Mbona hukuniita?"

"Na weye mbona hukugonga?" Alingoja. "Unaona. Waoga wawili, mulango moja katikati."

"Nisamehe."

"Hiyo tutafanya ukiwa hapa, unité za simu ya mutu zinaisha. Sikia. Miezi mbili sijashika kazi. Mwalimu alileta suruali, nikarudisha. Mama wa sakristani alileta shuka, nikarudisha. Jirani ananipatiaka sombe ya kula, lakini yeye mwenyewe ana gauni inangoja, na sasa amechoka. Watu wote wanauliza, nani iko kwa Fundi? Naambia, ni Mama Neema. Wanauliza, bado? Naambia, bado."

Nilimwona: kigoda, sindano, libaya ya bluu imekunjwa, ndege wake ndani, na watu wakirudi na nguo zao mikononi siku baada ya siku, kwa sababu yangu, kwa sababu nguo ya mtu haiachwi.

"Nitakuja kesho," nikasema.

"Leo."

Nje ya dirisha Neema alikuwa ameacha kuanika nguo. Alikuwa ananitazama.

"Leo," nikasema.

"Vizuri," alisema Mama Fundi. "Mulango nitafunga, unajua namna niko. Na hii mara, gonga."